Mwanya Haumo Katika Katalogi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na nyundo. Niliuliza ukuta upi ulio imara, nikapigilia msumari, nikatundika diploma yangu ndani ya fremu ya kioo juu ya meza niliyopewa. Papa Kaseba, mtunza ghala wa depo yetu ya vifaa vya meno, alisimama mlangoni ameshika kopo la nta, akanitazama mpaka nikamaliza.

"Mama," akasema, "ukuta huu unapigwa na jua kuanzia saa tisa. Karatasi yako itakuwa njano."

"Diploma haibadiliki rangi, Papa," nikamjibu.

Ilibadilika. Ninayo hadi leo, njano kama mafuta ya mawese ya zamani, ingawa jina langu na muhuri wa shule vinasomeka bila miwani. Naanza na jambo hilo kwa sababu vijana wanaoagiza vifaa vya meno leo wananiuliza tulifanyaje kazi wakati wa Zaire, na mengi ya kuwajibu yalianzia kwenye ukuta ule.

Nilizaliwa hapa Kalemie katika nyumba ya wavuvi. Niliondoka nikiwa mlezi wa watoto wa daktari mmoja wa meno aliyekuwa akirudi kwao Ubelgiji. Mchana niliosha sahani zao na watoto wao. Jioni nilivaa koti na kwenda shule. Minerval yangu, yaani ada ya shule, haikulipwa na serikali, wala na misioni, wala na mjomba. Niliilipa kwa mikono hii, nikasoma utengenezaji wa meno ya bandia, kisha uendeshaji wa kabine, yaani chumba cha kazi cha daktari wa meno: jinsi ya kuagiza, kuhifadhi, kupanga wagonjwa na kuwafuata baada ya kuwatibu. Miaka saba. Niliporudi, Kalemie nzima ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye diploma ya namna ile, naye ni mimi. Ulizeni.

Depo yetu ilikuwa kati ya reli na bandari. Tuliuzia kabine ya hospitali mjini, zahanati ya kiwanda cha saruji huko Kabimba, zahanati ya masista huko Moba, na wauguzi wawili watatu waliong'oa meno katika vijiji vya njia ya reli, mpaka Niemba na mbele yake. Bidhaa hazikuwa nyingi, lakini kila moja ilikuwa na tabia zake. Kulikuwa na karpule, vichupa vidogo vya dawa ya ganzi ambavyo joto huviua kabla ya tarehe yake. Kulikuwa na unga wa jasi wa kutengenezea nakala ya kinywa, ambao ukivuta unyevu wa ziwa hauwezi tena kuganda. Kulikuwa na nta, na koleo za kung'olea, na zebaki ya kuchanganya na madini ya fedha kwa kuziba matundu. Na kulikuwa na meno yenyewe ya bandia, yaliyokuja sita sita yamebandikwa kwenye kipande cha nta kama abiria kwenye benchi.

Papa Kaseba alikuwa amefunga uzi mwekundu katika kila rafu. Bidhaa ikishuka mpaka kwenye uzi, ndiyo siku ya kuagiza Lubumbashi, kwa sababu treni iliyotangazwa Jumatatu ilifika siku iliyopenda yenyewe. Kwenye karatasi zangu za shule jambo hilo liliitwa kiwango cha tahadhari, na kulikuwa na hesabu ndefu ya kulipata. Nilifanya hesabu ile kwa rafu zote. Nyuzi za Papa Kaseba zilikuwa mahali pake, isipokuwa mbili. Nilizisogeza zile mbili, nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Sikuwa nimemaliza mwezi pale Mkuu wa Depo aliponiita. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye abakosti ya kijivu, lile koti la kitaifa lisilo na tai, aliyoivaa hadi shingoni hata katika joto la Oktoba. Enzi hizo tuliitana sitwayeni, yaani raia, lakini yeye aliita kila mtu Papa au Mama.

"Funga mlango, Mama Feza. Lubumbashi wameandika."

Akanisomea. Direksyo, ofisi kuu ya kampuni, ilikuwa imechoka na depo ndogo zinazouza dawa ya ganzi na jasi peke yake. Faida, walisema, iko katika meno ya bandia, na Kalemie haiuzi meno. Mkaguzi atakuja baada ya masika. Akikuta meno bado yamelala kwenye rafu, depo itafungwa, na kila kabine itatumiwa vitu vyake moja kwa moja kutoka Lubumbashi.

"Kwa treni?" nikauliza.

"Kwa treni."

"Na treni imekubali?"

"Treni haikuandika barua, Mama," akajibu, akakunja karatasi.

Sisi wawili tulijua maana yake. Karpule zikiisha Moba, Sista Mkuu wa Zahanati atangoja treni ifike Kalemie, halafu atangoja mashua. Katikati ya kungoja, meno yatang'olewa kama nilivyoona yaking'olewa utotoni: wanaume wawili wameshika mabega, wa tatu ameshika kichwa. Na Papa Kaseba, mwenye wajukuu nyumbani, angerudi kushona nyavu kwa macho yaliyokwisha kuchoka.

"Ulikuja na diploma," Mkuu wa Depo akasema, kwa Kiswahili cha kwetu ambacho ndiyo huitwa njo. "Njo wakati wake huu."

Nilifurahi. Nasema ukweli: sikuogopa hata kidogo, nilifurahi. Nilitoa katalogi, nikatoa kipimo cha rangi, ile fimbo fupi yenye meno ya mfano yaliyopangwa kutoka jeupe kabisa hadi la rangi ya chai. Shule ilinifundisha kwamba mteja anayenunua kitu mara moja maishani hununua kilicho bora, na bora, nilivyoona, ni jeupe zaidi. Nikaagiza meno meupe ya umbo pana, mstari ulionyooka, usio na nafasi hata ya kupitisha uzi. Nikaagiza mengi.

Kisha nikaanzisha mambo ambayo hayakuwako. Kila kabine ilipata kalenda ya ziara zangu. Kila mgonjwa alipata fishi, kadi yenye jina lake, meno aliyokosa, na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Nilisafiri mwenyewe. Kwenda Moba nilipanda mashua na sanduku langu la vielelezo magotini, na abiria walinitania njia yote.

"Sista," mzee mmoja akaniuliza, "veli yako imechukuliwa na upepo?"

"Mimi si sista, Papa. Nauza meno."

"Ya muntu ao ya nyama?"

Huko Moba ndiko nilikompata mteja wangu wa kwanza mkubwa, katekista wa parokia, mtu mrefu mwenye sauti nzuri ambaye ugonjwa wa ufizi ulimla meno manne ya mbele ya juu. Tangu hapo kila aliposoma Waraka, maneno yalitoka na upepo, na watoto wa benchi za mbele walifunika vinywa. Alikuja Kalemie. Fundi Mulongo, mtengeneza meno wa hospitali, alichukua alama ya kinywa chake kwa nta na jasi, akayapanga meno kama nilivyomwelekeza, akayashika kwa resini ya rangi ya ufizi. Yalikaa kama yaliyoota. Katekista alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema "Asante, Mama" kwa sauti isiyo na upepo, akapanda mashua. Nikaandika kwenye fishi yake: *Amefaulu.*

Wiki mbili baadaye mkewe aliingia depo. Alikuwa Mama Yustina, mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa kwa safari, na vumbi la bandari miguuni.

"Nani njo Mama Diploma hapa?"

"Ni mimi, Mama. Karibu ukae."

Hakukaa. Alifungua leso juu ya meza yangu, meno yakalala pale yakitabasamu.

"Chukua vitu vyako."

"Yanamuumiza?"

"Hayamuumize. Anakula nayo mpaka mahindi ya kuchoma."

"Sasa shida ni nini?"

"Bwana yangu, mbele ya meno kutoka, alikuwa na mwanya. Mwanya ule wakati wa uchumba njo nilianza kuuona, mbele hata ya kujua jina lake. Huyu mulinirudishia ni bwana ya nani? Jumapili alisimama kusoma, bamama ba kwaya wakaniuliza kama nimeolewa tena."

Nyuma yangu Papa Kaseba alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Nilimweleza kwa adabu kwamba mwanya ni kasoro. Nilimwambia una jina lake katika vitabu, na una ukurasa wa jinsi ya kuuondoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vitabu hivyo," akauliza, "viliandikwa na bantu ba wapi?"

Kisha akainama kidogo, akayatazama meno yangu ya mbele kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Na wewe, Mama, ulizaliwa hivyo?"

Sikumjibu. Nilimwambia aache meno, tutaona la kufanya.

Nilikuwa na sababu ya kutomjibu. Mimi pia nilizaliwa na mwanya. Kule Ubelgiji, katika kliniki ya shule, wanafunzi walitafuta vinywa vya kujifunzia, nami nikatoa changu. Walinivalisha waya mwaka mzima mpaka meno mawili yakagusana. Niliona nimepata kitu cha ghali bila kulipa. Siku niliporudi, mama alinipokea stesheni katikati ya watu, akanikumbatia, akaniweka mbali kwa urefu wa mikono, akanitazama.

"Feza, mwanya wako uliuacha wapi?"

"Umerekebishwa, Mama."

"Kwani ulikuwa umeharibika?"

Watu walicheka, nami nikacheka, tukachukua mizigo. Mama hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki, masika ile ile ambayo ninaieleza. Lakini nilipozungumza naye, mara nyingi nilimkuta akitazama meno yangu badala ya macho.

Baada ya Mama Yustina wakaja wengine. Wa Kabimba alirudisha yake ndani ya kopo la maziwa. Mwanamke wa Lubuye alisema mumewe hapendi, halafu akasema ukweli kwamba yeye mwenyewe ndiye hapendi. Wengine walikuwa hawakuwahi kuwa na mwanya, lakini nao walilalamika juu ya weupe: walisema wakicheka, meno yanafika kabla yao. Mji ukayapa jina: meno ya sahani. Sokoni wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliniita kutoka mbali.

"Mama Sahani! Leo unauza za ugali ao za chai?"

Mimi niliyeosha sahani za watu miaka saba ili nisiitwe tena kwa sahani! Nilitembea shingo imenyooka, nikafika biro, yaani ofisini, nikafunga mlango. Kwenye rafu meno yangu yalijaa, yakinitazama kwa safu. Masika ilikuwa inaisha.

Siku iliyofuata nilikwenda ghalani kwa Papa Kaseba. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza kuhusu jasi, lakini swali lililotoka lilikuwa jingine.

"Papa, wewe ulijua kwamba watayakataa?"

"Nilijua."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akaweka chini kalamu yake. "Siku ya kwanza nilikuambia jua linapiga ukuta. Ulinijibu nini?"

Nilikaa juu ya gunia la jasi, jambo ambalo nilikuwa nimewakataza watu wote. Yeye akatoka nje, akaenda mpaka kwenye mtaro ambapo matete huota, akarudi na tete moja kavu. Kabla ya kuwa mtunza ghala alishona nyavu miaka mingi, na mshona nyavu hafanyi kazi bila kijiti cha kipimo: kila tundu la wavu hufungwa juu ya kijiti kile ili matundu yote yalingane, na kila aina ya samaki ina kijiti chake. Alichonga tete lile kuwa kijiti kwa kisu kidogo, akakipunguza, akakipunguza tena, akakipitisha katikati ya meno yake mawili ya juu. Kilisimama bila kuanguka.

"Huu njo wangu," akasema na kijiti kikiwa bado mdomoni. "Meno yangu yakianguka, mumupe Fundi hiki. Aweke meno pande mbili, nta ikiganda akitoe."

Nikakichukua. Kilikuwa kitu chepesi sana, lakini ndicho kilichokosekana katika shule yangu yote. Fishi zangu zilieleza meno gani mtu alikosa. Hazikueleza mtu huyo alikuwa nani kabla ya kuyakosa.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kwa haraka, na hapa najisifu kwa haki, kwa sababu mtu kuona kosa lake ni jambo moja, kulipangia utaratibu ni jingine, na utaratibu niliujua. Niliandika agizo kwa kabine zote: *Pima kabla ya kung'oa.* Kijiti cha tete kichongwe kwa mwanya wa mgonjwa, kiandikwe jina, kitiwe ndani ya bahasha pamoja na fishi. Rangi ichaguliwe kwa kulinganisha na meno yaliyobaki, mchana, dirishani, na mtu wa nyumbani kwake awepo.

Lakini meno ya katekista yalikuwa yamekwisha kutoka bila kipimo. Nilimwandikia Mama Yustina kupitia Sista Mkuu, nikauliza kama kuna yeyote anayekumbuka upana. Jibu lilikuja kwa mashua baada ya siku nne, ndani ya bahasha ya misa. Binti yao mkubwa, mwanamke aliyekwisha kuolewa, alikuwa amechukua kinywa cha baba yake mzima mzima. Mama Yustina alikuwa amempima yeye. Kijiti kilikuwa kimechongwa vizuri kuliko vyangu.

Fundi Mulongo akaleta tatizo la pili.

"Mama Feza, meno haya ni mapana. Nikiacha mwanya katikati, ya pembeni yatapandana kama batu kwenye treni ya Kabalo."

Tulihitaji meno membamba, na ya rangi iliyoiva. Kwenye rafu ya chini kabisa Papa Kaseba alikuwa na machache yaliyobaki kutoka zamani, ambayo mimi niliamuru yatupwe na yeye hakuyatupa. Yalitosha vinywa vitatu. Kwa vilivyobaki ilibidi Lubumbashi wakubali kubadilisha shehena yangu yote ya meno meupe, na ombi kama lile lilipita kwa fonia, ile redio ambayo kila stesheni ya njia nzima ilisikia mazungumzo ya mwenzake.

"Sema wewe," Mkuu wa Depo akaniambia, akinisogezea kiti. "Mimi sikuagiza."

Nikabonyeza kitufe. Nikasema Kalemie inaomba kurudisha meno meupe mapana na kupata membamba.

"Sababu?" sauti ya Lubumbashi ikauliza.

"Nimekosea kuchagua."

"Rudia, Kalemie. Hatukusikia."

Walisikia. Nina hakika mpaka leo kwamba walisikia.

"Nimekosea kuchagua," nikasema, taratibu, kila silabi mahali pake, kama mtu mwenye diploma.

Kikasikika kicheko cha mtu asiyejulikana, pengine wa Kabalo, pengine wa Niemba. Kisha Lubumbashi wakajibu: "Mkaguzi yuko njiani. Ataamua mwenyewe. Mwisho."

Mkaguzi alishuka kwenye treni Jumatano, mtu mwembamba, mkavu, begi la ngozi kwapani. Hakunywa hata chai. Alipita rafu zote, akaona meno meupe yamelala kwa safu, akaandika. Akaona nyuzi nyekundu, akaandika. Akafungua droo ya bahasha, vijiti vikamwagika mezani.

"Hii nini?"

"Vipimo, sitwayeni Mkaguzi."

"Vijiti vya matete? Katika depo ya vifaa vya meno?" Akamgeukia Mkuu wa Depo. "Hii njo jestyo gani, usimamizi gani huu, Papa? Direksyo inaagiza vifaa Ulaya, ninyi munachonga majani?"

Mkuu wa Depo alipangusa jasho chini ya kola. Mimi nikafungua mdomo kujibu kwa hesabu, nilikuwa nazo tayari. Lakini siku hiyo hiyo, na sikuipanga ingawa nimeachia watu waamini niliipanga, Katekista na Mama Yustina walikuwa wamefika kwa mashua ya asubuhi kwa kipimo cha mwisho. Fundi Mulongo alikuwa nao chumba cha pili. Mlango ukafunguliwa, Katekista akatoka, mkewe mbele yake, akirudi kinyumenyume ili asipoteze kumwona.

"Cheka," akamwamuru.

Mumewe akacheka kidogo, kwa aibu, mbele ya watu wa biro. Meno yalikuwa ya rangi ya meno yake mengine. Katikati palikuwa na mwanya.

Mama Yustina alimtazama muda. Alimtazama kulia, akamtazama kushoto. Halafu akafunga vizuri kitenge chake.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kurudi nyumbani."

Mimi nilimtazama Mkaguzi, maana ndiye aliyekuwa na kalamu. Alikuwa ameacha kuandika. Shavu lake lilikuwa linasogea, na nikaelewa kwamba ulimi wake ulikuwa unatafuta kitu nyuma ya meno ya mbele. Hakuwa amefungua mdomo vizuri tangu afike. Alipoufungua sasa, niliuona mwanya wake wazi, mpana kuliko wa Papa Kaseba.

"Na muntu ambaye meno yake bado mazima," akauliza polepole, "anaweza kupimwa? Kwa akiba tu."

Papa Kaseba alikwisha kutoa kisu.

Bahasha ya Mkaguzi ilikaa katika droo yetu kwa miaka yote ya depo. Meno meupe yalirudi Lubumbashi kwa treni ile ile aliyopanda, na membamba yakaja. Karpule hazikukosekana Moba, wala Kabimba, wala Niemba; zilipochelewa, haikuwa kwa kosa letu. Mwaka uliofuata tuliuza meno mengi kuliko depo nyingine za mkoa wa Shaba nilizozijua, na hilo nalisema bila kuinamisha kichwa.

Baadaye nilipandishwa, nikahamishiwa Lubumbashi katika biro ya manunuzi. Mkurugenzi wa Manunuzi, mtu wa takwimu, aliniuliza mara moja kwa nini maagizo yangu hayafanani na mapendekezo ya katalogi. "Kwa sababu katalogi haina kinywa," nikamwambia, na hakuniuliza tena. Nilifundisha wauguzi wengi. Mmoja wa Kabimba alisahau kumpima fundi wa tanuri kabla ya kumng'oa, nikamrudisha kwa miguu yake mpaka kwa mama mzazi wa mgonjwa kuomba kumbukumbu ya mwanya. Hakusahau tena.

Leo nimestaafu, nimerudi Kalemie, na nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa jasho langu. Diploma iko ukutani, ukuta wa mashariki, ambako jua huisha mapema. Vijana wa kazi hii wananitembelea. Wanaagiza kwa simu, meno yanakuja kutoka mbali kwa masanduku, na nikiyafungua naona tena rafu zangu za mwaka ule: meupe, mapana, yamebanana. Siwagombezi. Nawaambia wamwulize mke wa mgonjwa kabla ya kuuliza katalogi.

Mwaka jana meno yangu ya mbele yalianguka, yale yale yaliyovutwa na waya, kwanza moja, halafu la pili. Nilikwenda kwa kijana anayefanya kazi katika kiti cha Fundi Mulongo. Alikuwa amefundishwa vizuri, maana aliyemfundisha nilimfundisha mimi. Akachukua fishi mpya, akaandika jina langu, akaniuliza.

"Mama, ulikuwa na mwanya?"

"Nilikuwa nao."

"Bahasha yako iko wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niliwapima watu kutoka Moba mpaka Kabimba, nikampima mpaka Mkaguzi wa Direksyo, lakini kijiti changu hakikuchongwa kamwe. Wanafunzi wa kule waliufunga mwanya wangu bila mtu kuchukua kipimo chake, na mama, aliyeujua, amelala kaburini.

Nikatoka, nikachukua tete kavu na kisu, nikaenda sokoni. Mdogo wangu Bernadeta, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, bado anauza ndagala mahali pale pale walipokuwa wakiniita Mama Sahani. Na yeye, naweza kusema sasa, alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kuondoka Kalemie. Meno yake yote yako.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

"Mbele ya wateja?"

"Fungua, Berna."

Alinitazama, akaona pengo langu, akaona tete mkononi, akaacha kucheka. Akafuta mikono kwa kitenge, akaketi juu ya kreti iliyopinduliwa, akainua uso kwenye mwanga. Nilichonga, nikajaribu, nikachonga tena. Kijiti kiliposimama chenyewe, aliukamata mkono wangu kabla sijakitoa.

"Pima mupole, yaya," akasema. "Huu njo wa mama."